Mzazi mwenzangu hazimi gari langoni mwa shule: nimwambieje?

Swali: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mama wa mtoto wa darasa la pili, ninaishi Ipuli, Tabora. Mwanangu ana pumu. Kila siku ya masomo ninamfuata kwa miguu, na ninapofika langoni kabla ya saa tisa alasiri huyakuta magari manane au tisa yamejipanga kando ya ukuta, injini zinaunguruma, vioo vimefungwa, wenyewe wamekaa ndani na simu zao. Basi dogo la shule nalo huwa linawaka tangu saa nane na nusu. Wiki iliyopita nilimwomba baba mmoja kwa upole azime gari lake, akanijibu kwamba gari ni lake na mafuta ni yake. Mwingine akasema kuzima na kuwasha kunaua stata. Nimenyamaza, kwa sababu mimi sina gari na ninaogopa kuambiwa nina wivu. Je, moshi huo una madhara kweli, au ninajisumbua bure? Na nikitaka kusema tena, nisemeje?
*Mama wa Darasa la Pili, Ipuli*

Jibu: Marahaba, mama. Nianze na hilo la wivu, maana naona ndilo lililokufunga mdomo. Mzazi anayeulizia hewa anayovuta mwanawe hahitaji kuwa na gari ndipo asikilizwe, na wala hujisumbui bure. Nilikuwa mwalimu wa zamu kwa miaka mingi, na kuna kitu nilikiona langoni ambacho hakijanitoka akilini. Ukuta wa shule ulikuwa umepakwa chokaa, na kila mahali ambapo magari huegeshwa kwa kurudi kinyumenyume palikuwa na doa jeusi la mviringo, kimo cha goti la mtu mzima, ambalo ukilipitishia kidole linaacha masizi. Mtoto wa darasa la kwanza akiinama kufunga kamba za kiatu chake, pua yake inakuwa palepale penye doa.

Masizi hayo ndiyo sehemu ya moshi tunayoiona. Injini ya petroli iliyoachwa sailensi, kama mafundi wanavyosema, yaani ikiwaka huku gari limesimama, hutoa pia kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, pamoja na oksaidi za naitrojeni ambazo huwasha njia za hewa na kuamsha pumu. Injini ya dizeli, kama ya basi dogo ulilolitaja, huongeza chembechembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lenyewe likapunguza kwa nusu kiwango cha chembechembe hizo linachokipendekeza kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Mtoto anaumia zaidi kuliko sisi kwa sababu anapumua kwa kasi zaidi, kwa sababu mapafu yake bado yanakua, na kwa sababu ya kimo chake, kwani bomba la moshi halikuelekezwa kwenye uso wa baba yake bali kwenye wake.

Kuhusu pumu, ninalo jambo la kukueleza, na silisemi ili kukutia hofu. Huko London aliishi binti aitwaye Ella Adoo-Kissi-Debrah, jirani na barabara yenye magari mengi, akaugua pumu kali na kufariki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 9. Desemba 2020 afisa wa kisheria anayechunguza vifo aliamua kwamba hewa chafu ya magari ilichangia kifo chake. Tabora si London, na nusu saa ya langoni si sawa na kuishi kando ya barabara kuu. Lakini uamuzi ule uliandika kwenye karatasi za serikali jambo ambalo akina mama wengi wamekuwa wakiliona kwa macho yao.

Sasa huyo baba wa "mafuta ni yangu". Yuko sahihi kwamba mafuta ni yake, na hapo ndipo ningemwomba akae na kalamu. Tuchukue gari dogo ambalo, likiwa limesimama na kiyoyozi kimewashwa, linatumia lita moja kwa saa. Akilisubirishia nusu saa kila siku, kwa siku 194 za masomo katika mwaka, atakuwa amechoma lita 97 bila kusogea hata hatua moja. Ama hewa, hiyo si yake. Tena anadhani kwamba kioo kilichofungwa kinamkinga, ilhali hewa inayoingia ndani ya gari huvutwa kutoka chini ya kioo cha mbele, yaani kutoka nyuma ya gari lililomtangulia kwenye foleni. Mwanawe akishapanda, naye anavuta moshi wa jirani. Hili wazazi wengi wenye magari hawajawahi kulifikiria, na kwa uzoefu wangu ndilo linalowabadilisha haraka kuliko hotuba yoyote.

Hoja ya stata nayo ina jibu. Kuwasha injini iliyokwisha kupata moto hutumia mafuta takribani sawa na ya sekunde kumi za kuiacha ikiwaka, na stata haifi kwa kuwashwa mara moja zaidi kwa siku. Kama mtu anaogopa kwamba akizima gari halitawaka tena, basi betri yake imechoka, na dawa yake iko kwa fundi. Gari la dizeli lenye tabo, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini, lililotoka safari ndefu linahitaji dakika moja hivi ya kupoa kabla ya kuzimwa, jambo ambalo ni la kweli, ila dakika moja haigeuki kuwa thelathini.

Linabaki joto, na hapa nawaelewa. Mwezi wa kumi kabla ya mvua kufika, gari lililosimama juani hapa Tabora ni tanuri. Lakini mji wetu umejaliwa miembe ambayo miji mingine inaionea gere, na gari lililozimwa chini ya mwembe, milango ikiwa wazi, linakalika. Zaidi ya hayo, wengi hufika saa nane na nusu ili kuwahi kivuli au nafasi ya karibu na lango, kisha wanawasha kiyoyozi kwa sababu wamewahi mno. Anayefika saa tisa kasoro dakika tano hana cha kupooza.

Umeniuliza useme vipi. Sikushauri uanze na sheria, ingawa ipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Uingereza wamefika mbali zaidi, ambako tangu mwaka 2002 halmashauri za England zinaweza kumtoza faini ya pauni 20 dereva aliyeombwa kuzima injini akiwa amesimama na akakataa. Kwetu sisi njia ya mkato ni mwalimu mkuu. Nenda ofisini kwake asubuhi, si saa ya kutoka watoto, umweleze kwamba mtoto wako ana pumu, na umwombe mambo mawili tu. La kwanza ni kwamba dereva wa basi dogo azime injini mpaka watoto wote wawe wameketi, kwa kuwa huyo yuko chini ya shule na hawezi kusema mafuta ni yake. La pili ni kwamba watoto wasubiri ndani ya uwanja, mbali na ukuta wa barabarani, waitwe mmoja mmoja mzazi anapofika. Basi likishazimwa, mlinzi atakuwa na ujasiri wa kuwaambia wengine, na suala la magari ya wazazi lipelekwe kwenye mkutano wa wazazi, lisemwe na mwalimu mkuu badala yako.

Kwa yule baba, usirudi kumweleza habari za mazingira. Msalimie kwanza, muulize hali ya mwanawe, kisha umwambie: "Baba, mwanangu ana pumu na moshi unamkaba kifua. Nakuomba unisaidie kuzima gari tunapowasubiri." Ombi lenye mtoto ndani yake ni gumu kulikataa hadharani. Akikataa tena, mwache, usigombane naye mbele ya watoto.

Wakati haya yakiendelea, hakikisha kwamba mwalimu wa darasa anajua ilipo dawa ya kuvuta ya mwanao na namna ya kumsaidia kuitumia. Kama anakohoa usiku, au dawa hiyo inahitajika mara kwa mara kuliko zamani, usingoje mkutano wa wazazi; mpeleke kwa daktari, pale Hospitali ya Kitete au kituo cha karibu nawe, na umweleze daktari habari za langoni.

Swali: Mimi nipo Ujiji, Kigoma. Gari langu la petroli halitoi moshi unaoonekana, kwa hiyo sioni tatizo kuliacha likiwaka ninapomsubiri mtoto. Fundi aliniondolea masega ya ekzosi ili livute vizuri. Niko sahihi?
*Baba wa Ujiji*

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Masega hayo ndiyo yaliyokuwa yakibadilisha kaboni monoksaidi na gesi nyingine za sumu kabla hazijatoka kwenye bomba, na gesi hizo hazionekani kwa macho. Gari lako likionekana safi, bado linazimwaga zote jinsi zilivyo. Kama masega yalikuwa yameziba, mwulize fundi yalizibwa na nini, maana mara nyingi ni injini inayokula oili au plagi zilizochoka, na tatizo hilo bado unalo. Litengeneze kwanza, kisha uweke masega mengine, kwa sababu ukitanguliza masega mapya yataziba kama yale ya mwanzo.