Sheria Kazini: Duka Liko Nakonde, Mwajiri Yuko Mbeya

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa mchele hapa Mwanjelwa. Kwa muda mrefu nimewauzia wateja wa Zambia wanaoufuata mchele wa Kyela pale Tunduma, na sasa nimepata chumba cha duka upande wa pili, Nakonde. Nataka kumweka binti mmoja wa kule, raia wa Zambia, awe muuzaji na mtunza hesabu. Mkataba ninao tayari, ni ule ninaowapa vijana wangu wa Mbeya, nimebadilisha jina tu, na ni wa miaka miwili. Nimekusudia kumtumia mshahara kwa simu na kumwingiza NSSF pamoja na wenzake. Je, kuna tatizo?
Mama mfanyabiashara, Mbeya

JIBU: Mama, tatizo lipo, na ni afadhali umeuliza kabla binti hajaanza kazi. Kanuni ya kuanzia ni kwamba mfanyakazi hufuata sheria ya nchi anakofanyia kazi kila siku, hata kama mwajiri wake anaishi ng'ambo ya mpaka na mkataba umesainiwa mezani kwake Mwanjelwa. Kutoka Tunduma hadi Nakonde mtu huvuka kwa miguu, na tangu mwaka 2019 maofisa wa nchi zote mbili wanahudumia wasafiri katika kituo cha pamoja, lakini ukaribu huo haulifanyi duka lako kuwa la Tanzania. Binti huyo atalindwa na sheria ya ajira ya Zambia ya mwaka 2019, atakatwa kodi ya Zambia, na michango yake itakwenda katika mifuko ya Zambia. NSSF haimhusu.

Kwa hiyo kabla ya mshahara wa kwanza, biashara yenyewe inapaswa kuwepo kisheria kule. Utaiandikisha kwa msajili wa makampuni, PACRA, utapata namba ya mlipakodi kutoka mamlaka ya mapato, ZRA, kisha utajiandikisha kama mwajiri katika mfuko wa pensheni, NAPSA, katika bima ya afya ya taifa, NHIMA, na katika mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wa nchi hiyo. Wako wanaokushauri uandikishe duka kwa jina la binti mwenyewe ili kukwepa mlolongo huu. Usithubutu, kwa maana siku mkikosana, duka na mchele uliomo vitakuwa mali yake kwenye karatasi.

Sasa tuje kwenye hesabu. Chukulia umempa mshahara wa msingi wa kwacha 4,000 na posho ya nyumba ya kwacha 1,000. Posho hiyo nimeiweka makusudi, kwani sheria ya kule inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba, au mkopo wa nyumba, au posho ya nyumba, jambo ambalo sheria yetu haimlazimishi mwajiri wa kawaida. Jumla ni kwacha 5,000. Kwa viwango vilivyoanza Januari 2024, kwacha 5,100 za kwanza kwa mwezi hazitozwi kodi ya mshahara, hivyo hapo kodi ni sifuri. Ukimpandishia akavuka kiwango hicho, sehemu inayozidi huanza kutozwa asilimia 20. NAPSA ni asilimia 5 kutoka kwake na asilimia 5 kutoka kwako, yaani kwacha 250 kila upande. NHIMA ni asilimia 1 ya mshahara wa msingi kila upande, yaani kwacha 40. Binti atapokea mkononi kwacha 4,710, na wewe utatoa kwacha 5,290. Makato hayo yawe yamewasilishwa kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata kupita. Hapa kwetu kodi ya mshahara huwasilishwa tarehe 7, kwa hiyo ukitunza madaftari mawili, usichanganye tarehe. Usichanganye pia misimu ya bajeti: viwango vyetu hubadilika Julai, vya Zambia hubadilika Januari.

Kutuma fedha kwa simu si kosa, ila ujumbe wa muamala haujitoshelezi. Binti apewe kila mwezi karatasi inayoonyesha mshahara wa msingi, posho, kila kato na kiasi alichobaki nacho, nawe ubaki na nakala yenye saini yake.

Sasa mkataba, ambao naona ndio wenye hatari kubwa kuliko yote. Zambia inataka mkataba wa miezi sita au zaidi uwe wa maandishi, nao wako ni wa maandishi, hilo liko sawa. Lakini umeandika miaka miwili. Mkataba wenye ukomo unaozidi miezi 12 huhesabiwa kule kuwa wa muda mrefu, na ukifika mwisho mwajiri hudaiwa kiinua mgongo kisichopungua asilimia 25 ya mshahara wote wa msingi uliolipwa katika kipindi hicho. Kwa binti wa kwacha 4,000, miezi 24 ni kwacha 96,000, na robo yake ni kwacha 24,000, zinazotakiwa kwa mkupuo. Vijana wako wa Mbeya umewazoea kwa utaratibu mwingine kabisa, ambapo kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kwa miaka isiyozidi 10, na mkataba wa muda maalumu unapoisha wenyewe kwa kawaida hakidaiwi. Mwajiri wa huku asiyejua tofauti hiyo anajikuta na deni la miezi sita ya mshahara ambalo hakuwahi kulitengea hata senti. Ama utenge kwacha 1,000 kila mwezi tangu mwezi wa kwanza, ama mkubaliane mkataba wa kudumu, wenye masharti yake mengine ambayo mwanasheria wa kule akueleze kabla hujasaini.

Mengine nayataja kwa ufupi. Muda wa majaribio ni miezi mitatu na unaweza kuongezwa mara moja. Wiki ya kazi ni saa 48, wakati yetu ni 45. Likizo ya mwaka ni siku mbili kwa kila mwezi baada ya kutimiza mwaka, na ya uzazi ni wiki 14. Tena kuna siku moja kila mwezi ambayo mfanyakazi mwanamke ana haki ya kutokuja kazini bila cheti cha daktari na bila kueleza sababu. Wazambia huiita siku ya akina mama. Usije ukamkata mshahara kwa kudhani ni utoro.

SWALI: Nipo Iringa, natunza hesabu za kampuni moja ya Ujerumani kupitia intaneti. Wamenipangia saa za kuingia na kutoka na wamenipa kompyuta, lakini mkataba unasema mimi ni mkandarasi huru. Nani alipe kodi na NSSF yangu?
Mtunza hesabu, Iringa

JIBU: Kanuni ni ile ile, nawe unafanyia kazi Iringa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 haishii kwenye jina mlilopeana. Inatazama kama saa zako zinaamriwa na mwingine, kama umefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kama unapewa vitendea kazi, kama unamtegemea mtu mmoja kwa kipato. Likithibitika moja tu kati ya hayo unadhaniwa kuwa mwajiriwa, na mwajiri ndiye atakayetakiwa kuonyesha vinginevyo. Kwako naona yako zaidi ya moja.

Waandikie kwa adabu, ukiwapa hesabu badala ya malalamiko. Kwa mshahara wa shilingi 1,500,000, NSSF yako ya asilimia 10 ni shilingi 150,000, kodi ya kinachobaki ni shilingi 233,000, na mkononi zinabaki shilingi 1,117,000. Nao wangeongeza mchango wao wa asilimia 10. Wakishikilia kwamba wewe ni mkandarasi, basi malipo yapande ili yabebe mzigo huo, upate namba ya mlipakodi ya biashara, ulipe kodi ya mapato kwa awamu nne za mwaka, na uchangie NSSF kwa hiari kama aliyejiajiri.

SWALI: Nina kiwanda cha mbao Mafinga. Fundi wangu ni Mmalawi aliyeingia kwa Kasumulu na pasipoti yake imegongwa muhuri. Inatosha?
Mwenye kiwanda, Mafinga

JIBU: Haitoshi. Muhuri wa mpakani unamruhusu kuwepo nchini kama mgeni. Kufanya kazi kunahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, kwa sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni, pamoja na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Mwombaji ni wewe mwajiri, na utatakiwa kuonyesha kwa nini Mtanzania hakupatikana na nani atarithishwa ujuzi huo. Kibali cha kwanza hakizidi miezi 24, na kinaweza kuhuishwa. Asimame kazi mpaka vibali vyote viwili vitoke, na vikitoka, aingie kwenye orodha yako ya mishahara, NSSF na mfuko wa fidia kama mfanyakazi mwingine yeyote wa hapo kiwandani.