Inawaka kwenye laptopu, seva inakataa: angalia npm imeandika nini

Mkuu, umesema programu yako ya Node (JavaScript inayoendeshwa nje ya kivinjari) inawaka vizuri kwenye laptopu, ila ukiipandisha kwenye seva inalalamika haiioni dotenv (maktaba inayosoma mipangilio kutoka faili la .env), na dotenv uliiweka mwenyewe kwa npm, chombo cha kushushia maktaba za Node. Pole, hili lilishaninyima usingizi.

Zamani, kabla ya npm 5 ya mwaka 2017, ukiandika npm install express bila kuongeza --save, maktaba ilishuka kwenye folda ya node_modules lakini package.json, faili linaloorodhesha maktaba ambazo mradi unazihitaji, haikuguswa. Kwangu kila kitu kikaenda. Mwenzangu akavuta msimbo (code) kutoka Git, tunakohifadhi kazi ya pamoja, akanipigia saa tano usiku kwamba nimemkabidhi kazi mbovu. Tulirushiana maneno kweli! Kumbe node_modules yangu haikupanda Git (na haitakiwi kupanda), na kwenye package.json hakukuwa na alama yoyote kwamba nahitaji express.

Siku hizi npm inaandika yenyewe, kwa hiyo nahisi kosa lako ni ndugu wa hilo: uliweka -D kwenye npm install. Labda ulinakili amri mahali. Herufi hiyo inaipeleka maktaba kwenye devDependencies, orodha ya maktaba za wakati wa kutengeneza tu, na seva ikiwa na NODE_ENV=production (hali ya kazi halisi), npm inaziruka zote za huko. Fungua package.json. Ukiikuta dotenv upande huo, andika npm install dotenv --save-prod, itahama.

Ukiwa humo humo, tazama kialama ^ mbele ya namba ya toleo. ^4.17.1 maana yake chochote kuanzia hapo mpaka kabla ya 5.0.0, hivyo seva inaweza kushusha toleo ambalo wewe hujawahi kulijaribu. Kinachozuia ni package-lock.json, faili linaloandika toleo kamili la kila maktaba. Mimi niliwahi kuifungia kwenye .gitignore (orodha ya vitu ambavyo Git isivipandishe) kwa sababu mistari yake ilinichosha macho, ujinga mtupu. Iache ipande Git, na kwenye seva tumia npm ci, inayofuata faili hilo kama lilivyo, si npm install.

Halafu majina andika taratibu. Mwaka 2017 kuna mtu alipandisha kwenye npm maktaba ya crossenv ikijifanya cross-env, maktaba halisi. Aliyesahau kistari akaibiwa vigeu vyake vya mazingira, yaani vitu vilevile unavyovificha kwenye .env. Tangu hapo mimi huandika kwanza npm view na jina, nione ukurasa wa mradi wenyewe, ndipo niteketeze bando.

Bandika hapa sehemu ya dependencies na devDependencies tuione.