Mchango wa majirani wenye HIV hapa Malindi: msitaje majina

Dadangu, nimekusoma. Nyinyi wamama kumi na wawili wa mtaa mnataka kuwafanyia harambee majirani watatu wanaoruka kliniki kwa kukosa nauli, na mwenyekiti ataka majina yatangazwe ndio watu wapate huruma. La, hapo tu ndio nakataa. Sheria ya HIV ya 2006 yakataza kutoa hali ya mtu bila ridhaa yake, na sisi wa kikundi chetu tulishafanya kosa hilo, jina likatajwa kwa maikrofoni na yule mama wiki ya pili akahama usiku na jiko lake na godoro, hatukumuona tena. Semeni tu mchango wa wagonjwa wa mtaa, basi.

Dawa zenyewe ni bure hospitali ya serikali kwa hivyo pesa ziende kwa boda, unga, maharagwe. Sisi twauza mahamri alfajiri kujaza mfuko, pesa huja polepole lakini hazikauki kama za harambee. Na kabla ya kuchanga nauli muulizeni kliniki, mtu akiwa imara hupewa dawa za miezi mitatu kwa mara moja.

Pesa zisikae kwa simu ya mtu mmoja, hata awe shekhe! Mko zaidi ya kumi, jisajilini ofisi ya huduma za jamii mfungue akaunti ya sahihi tatu.

Aliyeacha dawa asianze tena kivyake wala asiazime za mwenzake, arudi kliniki, hawamfukuzi. Akikohoa, hata siku chache tu, au akikonda ghafla mpelekeni siku hiyo hiyo, huenda ni TB.