Macan ya 2.0 au Macan S kwa njia ya Karatu?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Niko Arusha, naendesha Harrier mwaka wa sita sasa na sina ubaya nayo, ila nataka gari lenye mwendo na lenye heshima kidogo. Nimeona Porsche Macan mbili kwenye minada ya Japani. Ya kwanza ni ya 2015, injini ya 2.0, ringi za 18, springi za kawaida. Ya pili ni Macan S ya 2016, V6, ringi za 21, na wakala anasema ina mfumo wa hewa, yaani mifuko ya hewa badala ya springi. Bei zimepishana kidogo tu. Kila wiki naenda shambani Karatu. Kote ni lami isipokuwa kilomita chache za mwisho, ambazo ni vumbi na makorongo. Kijana wangu amekazania S. Nichukue ipi? Na kwenye ile karatasi ya mnada, ni vitu gani vya nyongeza vina maana na vipi ni pambo?

JIBU: Salama kabisa, dada yangu, na pole na safari za kila wiki. Jibu langu ni la 2.0. Kijana usimkatalie bila kumweleza sababu, maana kwa upande wa nguvu ana hoja.

Tuanze na hiyo nguvu. Macan ilioneshwa mara ya kwanza mwishoni mwa 2013, ikaanza kuuzwa 2014, na inaundwa Leipzig, Ujerumani. Jina lenyewe ni neno la Kiindonesia, maana yake chui milia. Injini ya 2.0 ya miaka hiyo ya mwanzo ina silinda 4 na turbo moja, farasi 237 na toki (nguvu ya kuvuta) ya newtonmita 350. Toka kusimama mpaka kilomita 100 kwa saa inachukua sekunde 6.9. S ina V6 ya lita 3.0 yenye turbo mbili, farasi 340, newtonmita 460, na inafika 100 kwa sekunde 5.4. Hiyo ni sekunde moja na nusu ya tofauti, nayo ukiikanyaga utaihisi mgongoni.

Lakini wewe hushindani kwenye taa. Unaifahamu ile kona ya kupanda ukuta wa Bonde la Ufa ukishatoka Mto wa Mbu, lori limekutangulia linajivuta, na kipande cha kulipita ni kifupi. Pale huulizi sekunde za kutoka sifuri, unauliza gari likoje kutoka 40 kwenda 80 ukikanyaga ghafla. Injini ya 2.0 inatoa toki yake yote kuanzia mizunguko 1,500 tu kwa dakika, yaani kabla haijaanza hata kupiga kelele. Halafu kuna jambo la mwinuko. Huko juu kwenu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza sehemu ya nguvu yake kwa sababu inavuta hewa pungufu. Turbo inaisukuma hewa ndani kwa shinikizo, kwa hiyo inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kama Harrier yako haina turbo, basi kwenye mlima ule Macan ya 2.0 itakushangaza, hata ile ndogo.

Zaidi ya hapo, 2.0 ni nyepesi: kilo 1,770 dhidi ya 1,865 za S, na sehemu kubwa ya huo uzito wa ziada iko puani. Mimi nimeziendesha zote mbili kwenye kona, na nasema bila kusita kwamba 2.0 inaingia kona kwa wepesi zaidi. Stelingi yake inakuambia tairi la mbele linafanya nini. Hilo ndilo linaloitenga Macan na magari mengine mengi ya umbo hili: tairi za nyuma ndizo zinazosukuma muda wote, na za mbele zinaletewa nguvu na klachi inayoongozwa na kompyuta pale inapohitajika. Unahisi unasukumwa, huvutwi. Giaboksi ni PDK ya gia 7 yenye klachi mbili. Gia inayofuata inakuwa imeshashikwa kabla hujaiomba.

Sasa nije kwenye mambo mawili ya umri, na la kwanza ndilo linalonifanya nikutoe kwenye ile S.

La kwanza ni mfuniko wa mbele wa injini ya V6, unaofunika minyororo ya taimingi. Bolti zake ni za aluminiamu, na kwa miaka huwa zinakatika vichwa. Zikikatika, oili inaanza kutoka jasho, kisha inadondoka. Bolti ni vitu vidogo, lakini kuzifikia ni kushusha injini nzima. Ukiona S ambayo tumbo lake limeoshwa likang'aa kuliko boneti, usifurahi, uliza limeoshwa kwa nini.

La pili linazigusa Macan zote, hata hiyo ya 2.0, kwa hiyo lisome vizuri. Ni transfa, kile kisanduku nyuma ya giaboksi chenye ile klachi ya kupeleka nguvu mbele. Oili yake ikichoka, klachi inaanza kushika na kuachia badala ya kushika kwa ulaini. Hapa kwangu ililetwa S moja ambayo mwenyewe alikuwa ameshafanyiwa kazi ya giaboksi mahali pengine, pesa imekwenda na ugonjwa umebaki. Nilikaa naye kiti cha pembeni nikamwambia, endesha taratibu, gia ya tatu au ya nne, kutoka 40 kwenda 60, mguu usikanyage sana. Pale pale sakafu ikaanza kutetemeka, drrr, kama vile umepita kwenye matuta yale madogo ya rasta. Alipokanyaga kwa nguvu, mtetemo ukapotea. Ukiona hivyo, mwenye kosa mara nyingi ni transfa. Giaboksi ilisingiziwa. Tulimwaga oili yake, ikatoka nyeusi ti. Tukaweka mpya, tukaiweka upya kompyuta ya ile klachi, mtetemo ukaisha. Si wote wanaobahatika hivyo. Klachi ikishaungua, unanunua transfa nzima.

Kwa hiyo gari lolote utakaloagiza, likishushwa tu bandarini, oili ya transfa ibadilishwe hata kama halitetemeki. Ni kazi ya saa chache.

Injini ya 2.0 nayo si malaika. Inatoka kwenye familia moja na injini za Audi Q5 na Golf GTI, na udhaifu wake unaojulikana ni pampu ya maji pamoja na nyumba ya termostati, ambazo ni za plastiki na huvuja. Lakini undugu huo ndio faida yako: spea zinapatikana, na mafundi walioifungua injini hii ni wengi. V6 ya S ni ya Porsche, na fundi wa kuijua vizuri utamtafuta. Kingine kinachochoka kwenye zote ni bushi za wishiboni za juu za mbele. Ukipita tuta ukasikia mlio kama kitanda cha zamani, ni hizo.

Miguu ya gari. Wengi wakisikia mfumo wa hewa wanaona ndio ukubwa wenyewe. Na kweli, ikiwa mzima ni raha: ukiweka juu kabisa uvungu unafika milimita 230, ilhali Macan ya springi ina kama 198. Kwa makorongo yako ya mwisho hizo milimita 30 si haba. Lakini gari lina miaka kadhaa, na mifuko ya hewa ni mpira. Mpira unapasuka nyufa, hewa inavuja kidogo kidogo usiku, na asubuhi pampu inafanya kazi ya ziada kulinyanyua gari mpaka nayo inakufa. Kama bado moyo wako uko kwa S, mwombe mtu wako wa Japani apige picha mbili: moja jioni gari linapoegeshwa, nyingine asubuhi kabla halijawashwa. Apime kwa vidole nafasi kati ya tairi na ukingo wa bodi, kona zote nne. Kona moja ikiwa imepungua vidole viwili, achana nalo.

Ninachokushauri utafute ni springi za kawaida zenye shokapu zinazobadilika, zile zinazoandikwa PASM. Una vitufe vya kuchagua laini au ngumu, hakuna mfuko wa hewa wa kupasuka, na barabara ya Karatu utaipita ukiwa na mgongo wako. Kile kitufe cha barabara mbaya kinafanya kazi hata kwenye gari la springi, mpaka mwendo wa 80: kinabadilisha namna giaboksi inavyochagua gia na namna klachi ya transfa inavyogawa nguvu, ingawa hakinyanyui gari.

Kuhusu nyongeza nyingine nitakwenda haraka. Sport Chrono, ile saa ya mviringo juu ya dashibodi, inakuongezea kitufe cha Sport Plus na kupunguza sehemu ndogo ya sekunde. Nzuri, lakini usiilipie zaidi. PTV Plus, inayogawa nguvu kati ya tairi mbili za nyuma, ni kitu cha maana kwenye kona na kwenye tope pia, ikiwemo ichukue. Redio ya Burmester inapendeza sana kusikiliza, basi. Paa la kioo lina njia nyembamba za kutoa maji zinazozibwa na vumbi, na vumbi huko kwenu silo la kuuliza. Likiwepo, zisafishwe kila kabla ya masika.

Umbo lake ni jambo ninalolipenda na ninaloliogopa. Tazama boneti: ni kipande kimoja kipana cha aluminiamu kinachoshuka mpaka juu ya matairi, na taa za mbele zinachungulia kupitia matundu yaliyokatwa humo. Hakuna mstari wa boneti juu ya uso wa gari, ndiyo maana Macan inaonekana kama imechongwa kwa jiwe moja. Lakini gonga ukuta kidogo tu, boneti nzima imekwenda, na aluminiamu hainyooshwi kama bati la kawaida. Kwa hiyo gari likifika, pitisha ncha ya kidole kuzunguka taa zote mbili. Nafasi iwe sawa pande zote, kushoto na kulia. Kidole kikikwama upande mmoja na kingine kikapita kwa ulegevu, boneti hiyo imewahi kutolewa, iwe karatasi ya mnada imesema au imenyamaza.

Nyuma paa linashuka, na mtu mrefu akikaa kiti cha nyuma ataona dari karibu. Buti ni lita 500, magunia yako machache ya kahawa yatakaa ukilaza viti. Ndani utakuta vitufe vingi kando ya gia, kila kazi na kitufe chake. Matoleo ya baada ya 2018 yameleta skrini kubwa, lakini mimi nawapenda hawa wa mwanzo: unabonyeza bila kutoa macho barabarani.

Suala la ushuru usilisahau. Magari yote mawili yamepita miaka 8, kwa hiyo tozo ya uchakavu inakuhusu. Pia ushuru wa bidhaa unaangalia ukubwa wa injini: ya 2.0 ni cc 1,984, iko chini ya mstari wa 2,000. S ni cc 2,997, imeuvuka. Ile tofauti ndogo ya bei uliyoiona Japani itakuwa kubwa ukifika bandarini. Ingiza magari yote mawili kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujatuma hata senti. Na mwulize wakala stelingi iko upande gani, kwa sababu Japani wanauza pia magari ya Ulaya yenye stelingi ya kushoto.

Nimalizie na zile ringi za 21 ambazo nadhani ndizo zilizomteka kijana. Macan inavaa tairi za nyuma pana kuliko za mbele. Kwenye ringi ya 18 ni 235/60 mbele na 255/55 nyuma. Kwenye 21 ni 265/40 mbele na 295/35 nyuma. Huwezi kuhamisha tairi ya mbele kwenda nyuma kama ulivyozoea kwenye Harrier, unanunua jozi kwa jozi, na klachi ile ya transfa haitaki jozi moja mpya na nyingine imelika mpaka mwisho. Ukuta wa hiyo 295/35 ni kama sentimita 10. Ile ya 18 una kama 14. Hizo sentimita 4 za mpira ndizo zinazopokea shimo badala ya ringi. Na kabla ya safari ya kwanza ya shamba fungua sakafu ya buti uone kilichomo: Macan nyingi zina dawa ya kuziba na pampu ndogo ya upepo, hazina tairi ya akiba. Pancha ya msumari utaiziba. Tairi iliyochanika ubavuni kwenye korongo haizibwi kwa dawa, kwa hiyo nunua ringi moja ya ziada ya 18 na tairi yake, uilaze humo kabla hujaondoka Arusha.