Kabla hujaandika "mtoto hana mlezi"

Mdogo wangu uliyeripoti kazini juzi kama afisa ustawi wa jamii, nikusimulie maneno matatu niliyoandika nikiwa mgeni kama wewe: "Mtoto hana mlezi."

Alikuwa kijana wa miaka 14, darasa la saba, anatuhumiwa kuiba sufuria ya mama ntilie na kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilizungumza naye dakika chache kituoni. Baba? Hamjui. Mama? Alifariki. Nikafunga daftari. Hakimu akaisoma taarifa yangu, akatafuta mtu wa kumkabidhi mtoto, asimwone. Dhamana ikashindikana, kijana akapelekwa mahabusu ya watoto. Alikaa huko wiki saba, na Septemba ile wenzake walifanya mtihani wa taifa yeye hayupo. Baadaye nikampata bibi yake, anauza karanga mitaa miwili tu kutoka kituoni. Sikuwa nimemuuliza mtoto usiku analala wapi na nani humpa chakula. Anza na maswali hayo, ya baba na mama yatafuata.

Watu husema hakimu "amemwonea huruma" mtoto. Lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 ilishaamua kwamba aliye chini ya miaka 18 hahukumiwi kifungo cha jela. Kesi yake husikilizwa faragha, afisa ustawi akiwepo. Aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kabisa kwa jinai. Aliyefika 10 lakini hajatimiza 12, ni lazima ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa alitendalo halifai. Kwa hiyo upole umo ndani ya sheria yenyewe. Hakimu anabaki na kuchagua: amwachie kwa masharti ya mwenendo mzuri, amkabidhi kwa mtu anayefaa, au ampeleke shule ya maadilisho, wanakowekwa watoto waliotiwa hatiani ili warekebishwe tabia. Shule ya maadilisho ya Irambo iko Mbeya. Mtoto wa Tanga akipelekwa kule, anakuwa karibu kilomita 1,000 za barabara kutoka kwa bibi yake. Hakimu atachagua kulingana na ulichomwekea mezani.

Ndiyo maana nakuomba usiandike "anatoka familia duni". Umaskini si kosa, na neno hilo halimsaidii hakimu kuamua lolote. Andika atalala nyumba ipi, kwa nani, mwalimu gani amekubali kumpokea darasani na kuanzia siku gani.

Umri utakusumbua sana. Hati ya mashtaka huandikwa 18 kwa sababu mtoto ni mrefu, au kwa sababu amesema mwenyewe, akiwa ameambiwa na wakubwa waliomo selo kwamba hivyo mambo yataisha upesi. Wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Tafuta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejista ya shule aliyoanzia. Mama mmoja aliniambia mwanawe alizaliwa mvua za El Niño zikiwa bado zinanyesha. Nilipofungua rejista ya shule, nikakuta 1998, mwaka wa mvua zile. Yule mama alikuwa na kumbukumbu nzuri kuliko hati ya mashtaka.

Mlalamikaji naye usimkwepe. Yule mama ntilie hakutaka mtoto afungwe. Alitaka sufuria yake, maana bila ile kubwa ya wali alikuwa anapika mara mbili na kuni zinamwishia. Siku hizi namtembelea mlalamikaji mapema, nikiongozana na mwenyekiti wa mtaa. Familia ikikubali kulipa kidogo kidogo, naandika kiasi, siku na jina la mlipaji, na hakimu anaelezwa kila kitu. Lakini usimwahidi mtoto kwamba kesi itafutwa. Mweleze tu, kwa lugha yake, maana ya kujibu "ni kweli" anaposomewa shtaka, kwa sababu wengi hulisema ili waruhusiwe kwenda nyumbani.

Na ukiandika kwamba utamtembelea kila Ijumaa, nenda. Mara nyingi nauli itatoka mfukoni mwako, najua.

Bibi wa yule kijana aliniambia alifika kituoni mara mbili. Aliambiwa asubiri nje, akasubiri hadi jioni, akarudi kwenye karanga zake. Mimi nilimpita pale nje. Kwa hiyo ukifika kituoni asubuhi, kabla ya kuingia, waulize walioketi kwenye benchi wamemfuata nani.