Menyu ya Kiingereza: pweza wako si "sweet"

Dada, umeuliza kama "our octopus soup is very sweet" inafaa kwenye menyu ya kibanda chako pale Coco Beach. Usiiandike. Nina steshenari Kinondoni, menyu za watu ndiyo kazi yangu, na hakuna neno ninalolifuta kama hilo "sweet". Kwetu chai ni tamu, pilau ni tamu, hata umbea ni mtamu. Mwingereza akiliona kwenye chakula anawaza sukari au asali, sasa supu ya pweza yenye sukari nani ataagiza? Weka "tasty" au "delicious". Hiyo "delicious" usiitangulizie "very", yenyewe imeshakolea.

Mtihani mkubwa zaidi ni neno "kali". Pilipili kali, ndimu kali, chai kali, zote tunaziita hivyohivyo. Kuna mama aliniletea menyu imeandikwa juisi ya ukwaju ni "bitter". Nikamwambia mama yangu, hapo umemuuzia mgeni mwarobaini! Ukwaju, ndimu na embe bichi ni "sour". "Bitter" waachie mchunga na dawa. Chai iliyokolea majani ni "strong". Pilipili andika "spicy", maana ukiandika "hot soup" mtu hajui kama ni pilipili au imetoka jikoni sasa hivi, na asiyeiweza atakuja kukulaumu huku anatokwa machozi.

"Tasteful" nayo inawaponza wengi. Haihusiani na ladha ya chakula, hiyo ni sifa ya mapambo au mavazi ya mtu anayejua kuchagua. Mapazia yako yanaweza kuwa "tasteful", mishkaki hapana. Na mishkaki "tastes good", si "tastes well".

Kuhusu "enjoy": si "enjoy to eat", ni "enjoy eating". Wale wa "we enjoyed very much" wanakiacha kitenzi kinaning'inia. Sema "we enjoyed the food" au "we enjoyed ourselves". "Enjoy!" peke yake unapoweka sahani mezani haina shida.

"Flavour" na "savoury" Waingereza wanaziandika na u, Wamarekani wanaitoa. Shika upande mmoja tu.

Halafu kwenye picha uliyoweka, ngisi umemwandika "octopus" na pweza "squid". Wabadilishane kabla hujachapa.