Anime inavyochorwa: majibu kwa wanaopanga safari ya Tokyo

Tangu nilipoandika hapa kuhusu wiki zangu tatu Tokyo, maswali kuhusu anime, yaani katuni za Kijapani, hayajakatika. Leo nayajibu yale yaliyojirudia zaidi.

Naenda Japani mwezi wa nne. Nataka kuingia studio yenyewe niwaone wachoraji wakiwa kazini. Naanzia wapi? (Kigamboni)

Ndugu yangu, nikwambie mapema: studio nyingi hazipokei watalii. Mezani kuna michoro ya vipindi ambavyo havijarushwa, na picha moja ya simu inatosha kuvujisha kazi ya miezi. Studio Ghibli, moja ya studio maarufu za anime, iko Koganei na haifunguliwi kwa umma. Kilicho wazi ni jumba lake la makumbusho, Mitaka. Tafadhali usiende kubonyeza kengele getini. Ofisi nyingi za studio ziko mitaani, katikati ya nyumba za watu, na ndani kuna mtu anayekimbizana na kesho.

Kama tarehe inasogea, nenda mwezi wa tatu. Maonyesho ya AnimeJapan hufanyika Tokyo Big Sight, na huwa na sehemu inayoonyesha kazi hatua kwa hatua, michoro ya penseli ikiwa imetundikwa mbele yako.

Nina siku moja tu Tokyo. Niende wapi? (Unguja)

Suginami Animation Museum, jumba la makumbusho ya katuni, bila kusita. Panda treni ya laini iitwayo Chuo, shuka Ogikubo, malizia kwa basi. Kiingilio hakuna, ila Jumatatu hufungwa. Wapo wanaoliona dogo. Kwangu mimi ndilo linalofundisha kuliko yote, kwa sababu unashika kazi kwa mkono wako. Kuna meza ya kioo yenye taa chini: unalaza karatasi juu ya mchoro na kufuatisha mstari. Nilidhani ni kazi ya mtoto. Mstari wa shavu peke yake, ule mpindo mmoja kutoka sikioni hadi kidevuni, niliurudia mara nne na bado ulitetemeka. Kuna pia kibanda cha kutia sauti, unamsemea mhusika huku ukiuvizia mdomo wake ufunguke.

Mtu mwenye siku ya pili aende Oizumi, wilaya ya Nerima, kwenye makumbusho ya Toei Animation. Kampuni hiyo ilipewa jina la Toei Doga mwaka 1956, na mwaka 1958 ikatoa Hakujaden, filamu ndefu ya kwanza ya katuni za rangi Japani.

Kaka yangu anasema anime ni uvivu: mhusika anasimama kama sanamu, mdomo tu ndio unacheza. Nimjibu nini? (Mombasa)

Dada, mwambie apige hesabu. Filamu inapita picha 24 kila sekunde. Dakika 20 ni sekunde 1,200, kwa hiyo picha 28,800. Hakuna kikundi cha watu kinachoweza kuchora hizo zote kwa mkono na kumaliza kipindi kila wiki. Wajapani wakafanya hivi: mchoro mmoja unashikiliwa kwa picha tatu mfululizo, na sekunde moja inabaki na michoro minane. Palipo na vita au mbio, mchoro unashikiliwa kwa picha mbili, michoro inakuwa 12, na mwendo unalainika.

Aliyeujenga utaratibu huu kwenye televisheni ni mchoraji wa vibonzo Osamu Tezuka. Tarehe 1 Januari 1963 studio yake, Mushi Production, ilianza kurusha kipindi cha katuni cha Astro Boy, nusu saa kila wiki. Pesa zilikuwa chache na muda mfupi, hivyo mwili ulitulia mdomo ukasogea, na mandhari ikavutwa nyuma ya mhusika aonekane anatembea. Michoro iliyokwisha kuchorwa ilihifadhiwa na kutumika tena. Lakini kutokana na kubana huko ukazaliwa ufundi. Kama mwili hausogei, lazima uso useme. Mwanga, upepo kwenye nywele, ukimya kabla ya jibu, vyote vikabeba uzito ambao kwingine ungebebwa na mwendo. Kaka yako atazame tena mhusika aliyesimama, safari hii aangalie macho. Hapo ndipo mchoraji alipoutumia usiku wake.

Je, mchoraji mmoja anachora kipindi kizima? (Eldoret)

Hapana. Baada ya mswada, mwongozaji hutoa ekonte: vijipicha vya harakaharaka vyenye maelezo pembeni, shoti baada ya shoti. Ndiyo ramani ya wote. Mchoraji mkuu anachukua shoti zake na kuchora genga, yaani mikao inayobeba tendo: mkono ukiwa chini, mkono ukiwa juu. Msimamizi wa michoro anasahihisha ili sura isibadilike kutoka mkono wa mtu mmoja hadi mwingine. Kisha wachoraji wa doga wanajaza mikao ya katikati. Wengi wanaoanza hupitia hapo, hulipwa kwa kila karatasi wanayochora, na ujira ni mdogo; nasema hivi kwa heshima, kwa sababu bila wao hakuna kinachosogea. Sehemu kubwa ya doga siku hizi huchorwa nje ya Japani, hasa Korea Kusini na China.

Karatasi zenyewe zina matundu matatu ukingoni, la kati la mviringo na mawili ya pembeni marefu. Zinavikwa kwenye vigingi ili kila moja ikae pale pale ilipokaa mwenzake. Mchoraji hubana karatasi kadhaa katikati ya vidole na kuzipepeta mbele na nyuma, na mkono ule wa penseli unapunga hapohapo mezani. Studio nyingi sasa wanachora kwenye skrini, lakini mpangilio wa kazi ni uleule. Rangi, mandhari na kuunganisha vyote hufuata.

Nitapita Kyoto. Nifike kwenye studio ya Kyoto Animation? (Kigali)

Usiende pale jengo lilipokuwa. Tarehe 18 Julai 2019 mtu aliichoma moto studio yao ya Fushimi, Kyoto, na watu 36 walifariki. Majirani na familia wanahitaji utulivu. Kuwakumbuka, tazama kazi zao hadi mwisho na usome majina yote yanayopita.

Mwanangu yupo kidato cha nne, anataka kusomea anime Japani. Nifanyeje? (Arusha)

Shikamoo mama. Ubalozi wa Japani hutangaza ufadhili wa serikali yao, MEXT, na mojawapo ya ngazi zake ni vyuo vya ufundi stadi, ambavyo baadhi yake hufundisha fani hii. Fuatilia tangazo la Dar es Salaam kila mwaka. Kijapani aanze leo, asisubiri majibu. Na achore watu halisi: kondakta mlangoni, mama ntilie akigeuza chapati. Programu ya OpenToonz ni ya bure tangu 2016, na imetokana na ile ambayo Ghibli waliitumia. Zoezi la kwanza ni mpira unaodunda, michoro 12 tu.

Jumba la Ghibli kule Mitaka wanaruhusu kupiga picha? (Muscat)

Ndani, hapana. Na tiketi haiuzwi mlangoni: mauzo ya mwezi unaofuata hufunguliwa tarehe 10, saa nne asubuhi ya Japani, ambayo kwako Muscat ni saa kumi na moja alfajiri. Ukifika wanakupa kipande cha filamu kama tiketi ya kuingilia. Usikitie mfukoni upesi. Kiinue dirishani kwenye mwanga, uangalie fremu moja, halafu ya pili yake, utafute kilichosogea.